Kapu la Kahawa Lililofunikwa

Harufu ya kahawa ya kutafuna ikichemshwa na majani huwakumbusha wengine bibi zao. Mimi hunipandisha hasira, na nitawaambia kwa nini.

Nilipokuwa darasa la sita kijijini kwetu Kituntu, alikuwepo mtawa kutoka Ayalandi, Sista Nora, aliyetufundisha wasichana mchezo wa kwao: mpira unaopigwa kwa fimbo bapa, mbio mtindo mmoja. Baba alituchongea fimbo za mti wa msambya, na mpira wa kwanza tuliusuka kwa maganda ya migomba. Tulichubuka miundi, tukagombezwa nyumbani kwa kuchelewa kuchota maji, na kesho yake tukarudi uwanjani. Kisha Sista akatuambia Waairishi wenzake wanaoishi Dar na Kampala wangekuja kufanyia tamasha la michezo yao parokiani kwetu, na sisi tungecheza nao. Wiki ile sikulala vizuri.

Wakaja. Mama yangu alikuwa anawaendea na kapu la kahawa, maana kwetu mgeni hutafuna kahawa kwanza, mengine baadaye. Kabla hajafika, mratibu wao, bwana mmoja mwenye fulana ya kijani, akamnong'oneza Sista. Uso wa Sista ukaiva. Akatutafsiria kwamba fimbo zetu si za kiwandani, ni za hatari, kwa hiyo mechi hatuchezi. Ila wanaomba tuwachezee ngoma, fimbo tumezinyanyua juu, wapige picha.

Yaani fimbo ya hatari kwa mpira ilikuwa salama kwa picha.

Mama akasimama. "Sista, watoto hawa ulikuwa unawafundisha ngoma?"

"Hapana, mama."

"Basi waambie wageni wako kahawa imekwisha."

Akafunika kapu lililojaa pomoni, akageuka, akaenda zake nyumbani.

Nilitamani ardhi inimeze. Kwetu hata uliyegombana naye humnyimi kahawa, na mama alikuwa amewanyima wageni mbele ya parokia nzima. Ngoma tukaicheza. Kisha wao wakaingia uwanjani, wakapiga hewa zaidi kuliko walivyopiga mpira, nasi tukawatazama tumekaa kwenye nyasi na fimbo zetu mapajani.

Nilichelewa sana kuelewa. Siku ile walikuwepo padri, mwalimu mkuu na diwani, watu wazima wenye sauti zao, na wote walipiga makofi. Aliyekasirika kwa ajili yetu alikuwa mmoja tu, na alichokuwa nacho mkononi ni kapu. Wageni wenyewe waliondoka bila kujua wamenyimwa nini, na hilo linanichoma mpaka leo.

Sasa mimi ndiye ninayewafundisha wasichana wa Kituntu mpira wa fimbo, na nimeshawapeleka mpaka Kamuli, mbali na kwetu, kucheza na wenzao. Wageni bado wanakuja na kamera zao. Nawasalimu vizuri, nawapa viti. Kapu la mama liko mezani, limefunikwa, na halifunuliwi mpaka wasichana wangu wawe wamecheza.