Mkono Uliogusa Samaki

Sikuwa nimeanza shule wakati maji ya bwawa yalipofunika shamba la mtama la cucu, nyanya yangu mzaa baba. Kwetu, upande wa chini wa Gachoka, hatukujua uvuvi. Tulikuwa watu wa mbuzi. Wavuvi walikuja kutoka magharibi, wakajenga vibanda vya mabati ukingoni, wakaanika nyavu juu ya miiba yetu, na baada ya miaka michache tukawa kijiji cha samaki chenye wenyeji wasiokula samaki.

Kwa wazee wetu samaki alikuwa nyoka tu, nyoka wa majini. Cucu alikuwa na sharti moja: mkono uliogusa samaki usiguse kiwele cha mbuzi, maziwa yatakauka. Hakubishana na mtu. Alisema, akaendelea kuchambua ndengu zake.

Nilipofika miaka tisa, kukamua ikawa kazi yangu. Siku moja Mama Akinyi, mke wa mvuvi, aliniita nimsaidie kupara samaki, akanipa kipande cha kukaanga. Nikala. Kilikuwa kitamu, sitadanganya. Jioni nikanawa kwa majivu, nikakamua kama kawaida.

Wiki haikuisha, maziwa yakapungua. Mvua ilikuwa imekataa mwaka huo na majani yalikwisha, lakini mimi nilijua mkosaji ni nani. Mama alikuwa mgonjwa, titi halina kitu, na mdogo wangu Njeru, wa miezi minane, aliishi kwa kikombe kile cha maziwa ya mbuzi. Nilipomwona amelegea, hata kulia hawezi, uoga ukanishinda.

"Cucu, ni mimi. Nilikula samaki."

Nilingoja kiboko. Alinitazama tu, macho yamechoka.

"Ulitapika?"

"Hapana."

"Tumbo likauma?"

"Hapana, cucu. Nilishiba."

Akajifunga leso, tukashuka ukingoni. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza akamwambia Mama Akinyi, "Nipatie hiyo nyoka yako. Iko mtoto nyumbani, anaisha."

Mama Akinyi hakucheka. Alimchagulia wawili wanono, akamweleza namna ya kuchuja supu isibaki na mwiba. Cucu aliwapara mwenyewe, kwa mikono yake, uso ameugeuza kwa kinyaa. Supu hiyo, siku baada ya siku, ndiyo iliyomvusha Njeru.

Mvua iliporudi, viwele vilijaa. Nilikamua kibuyu kizima, nikamwita cucu aje aone, mkono wangu haukuharibu kitu. Alikuja akasimama nje ya zizi.

"Wewe ni mtoto, utasamehewa," alisema. "Mimi nilijua, nikafanya."

Hakuingia zizini tena mpaka tulipomzika. Mbuzi aliowaita kwa majina, mmoja mmoja, akawa anawatazama kutoka mlangoni kwake. Iliniuma, na bado inaniuma.

Siku hizi samaki wamepungua, wavuvi wengi wamehama, na vibanda vimebaki kutu. Njeru ni mwalimu, amepanga mtaa wa Dallas kule Embu. Akija nyumbani huwacheka wazee na miiko yao, anasema supu ile ni ushahidi kwamba hata cucu hakuyaamini mambo hayo. Nimechoka kumjibu. Cucu aliamini kila neno. Alimshika yule samaki akijua kabisa kwamba anawaaga mbuzi wake, na alifanya hivyo ili Njeru aishi.