Pole Kwenye Barafu

Fundi amenirudishia viatu vya kuteleza barafuni vya kocha wetu, tuliyemzika mwezi uliopita. Vinanuka ngozi iliyolowa. Nikivinusa tu, naiona Jumamosi ile mama yangu alipofunga saluni yake huko Malvern akaja kunitoa kwenye uwanja wa barafu.

"Toka huko!" alipaza sauti kutoka nje ya uzio. "Watu wetu hawachezi juu ya barafu."

Niligeuka kumtazama, nikaanguka kifudifudi.

"Pole, mwanangu! Pole!"

Kocha, mwanamke mweusi wa hapa hapa Johannesburg, hakujua Kiswahili chetu; aliniuliza kwa Kiingereza pole ni nini. Nikamjibu ni sori, nikamweleza na yale ya watu wetu.

"Mwambie asiombe msamaha, hajakosa. Na mwambie nilipokuwa mtoto watu wa rangi yangu tulifukuzwa mlangoni. Nimejifunza kuteleza nikiwa nimeshazaa, na leo nafundisha. Asinichagulie nani acheze."

Nikatafsiri yote. Mama akacheka kwa hasira.

"Nani ameomba msamaha? Pole ni kumsaidia mtu kubeba maumivu yake!"

"Eish, basi aje abebe," kocha akasema nilipomtafsiria, akavua viatu vyake akamsukumia.

Mama akavivaa, akaingia barafuni. Alipiga hatua moja tu akaanguka chali, wigi likamtoka kichwani. Wazazi waliokuwa wamekaa pembeni wakaangua kicheko. Nikamnyooshea mkono.

"Usinishike. Waache watazame."

Akapiga magoti, akaliokota wigi, akasimama mwenyewe. Kisha akamgeukia kocha kwa Kiingereza chake cha saluni.

"Huyu anabaki," akasema, akinionyesha kwa kidole.