Keki ya Kila Ijumaa

Juzi, kwenye duka la keki hapa Jeddah, muuzaji alimuuliza mteja mmoja Mkenya aandike jina gani juu ya keki. "Mafi," akajibu kwa Kiarabu cha mitaani, yaani hakuna, "iache bila jina." Nikacheka peke yangu.

Nilipokuwa mdogo kule Riyadh, keki kama hiyo ilikuwa mezani kwetu kila Ijumaa. Baba alikuwa mhasibu, ila Ijumaa aligeuka mchungaji, na sebule ilijaa Wakenya na Watanzania wakiimba tenzi kwa sauti ya chini. Keki iliwekwa ili jirani akibisha aone sherehe ya kuzaliwa, si ibada iliyokatazwa kule. Mimi sikujua hayo. Nilidhani watu wazima huzaliwa kila wiki.

Kisha nikatimiza miaka sita, Ijumaa ya baridi kali, hita ikinuka vumbi lililoungua. Mama alikuwa ameshamwambia Baba, "Leo kanisa lipumzike. Uwe baba wa huyu tu." Basi tukakaa watatu, na keki yenye jina langu.

Nilitazama mlango weee, mwishowe nikaangua kilio. "Watu wangu wako wapi?"

Mama ndiye aliyeanza kucheka. Akampa Baba simu. "Haya mchungaji, waite."

Walikuja wote, makoti yakiwa ya baridi kwenye shavu langu, wakaniimbia kwa sauti zao zote. Jirani alipobisha, Baba aliufungua mlango wote, kwa mara ya kwanza, akamkatia keki.