Unga wa Mwani Kwenye Uji

Mwaka ule mikono yangu haikutulia hata dakika moja. Nilikuwa fundi cherehani Tandika, barazani kwenye nyumba aliyotuachia baba, na kutunga uzi kwenye sindano kulinishinda kama mwanafunzi wa juzi. Moyo ulinienda mbio nimekaa kitako. Nilikula kama kuli na bado nikakonda, na miaka ile mwanamke akikonda Dar es Salaam hakuulizwa anaumwa nini. Watu walishajipa jibu. Wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla sijavikata, wakaniaga kwa upole ulioniudhi kuliko matusi.

Kumbe ugonjwa ulikuwa shingoni, chini ya mtandio: rovu. Daktari alisema tezi yangu inafanya kazi kupita kiasi. Akanipa vidonge vya kuituliza, na ikishatulia nipasuliwe.

Shangazi, dada yake baba, hakukubali. Kwetu shangazi ndiye baba aliyebaki, na akisema amesema. Alikuwa amesikia redioni kwamba rovu huletwa na upungufu wa madini joto, na kwamba watu watumie chumvi iliyotiwa madini hayo.

"Chumvi inatoka wapi? Si baharini?" akaniuliza. "Na mwani je, unaota juu ya mnazi?"

Akatwanga mwani mkavu pamoja na mizizi ya kutia mwili nguvu, aliyoichimba mwenyewe shambani kwake Chanika. Akaniletea unga wake kwenye kopo la maziwa.

"Kijiko asubuhi, kijiko jioni, kwenye uji. Na usimtajie mtu. Dawa hii haisemwi, ukiitaja inapoa."

Nikapokea bila kusema asante, maana dawa nayo haishukuriwi. Vidonge nikameza, uji nikanywa. Mshika mbili moja humponyoka, wanasema, lakini nadhani waliosema hivyo hawakuwa na shangazi.

Kliniki daktari aliniuliza kama kuna kitu kingine natumia, hata mitishamba. Nikajibu hakuna. Kwanza nilikuwa nimekatazwa. Pili, asubuhi ileile muuguzi alikuwa amemfokea mama mmoja kwa sababu ya majani yake, mpaka benchi zima likacheka. Mimi si wa kuchekwa na benchi.

Hali ikazidi. Nilikuwa nakaa, nasimama, nafagia uwanja uliokwisha kufagiwa, nagombana na mkaa kwa kuchelewa kushika moto. Siku moja sindano ya cherehani ikanipita kidoleni, gauni la watu likaingia damu. Niliporudi kliniki daktari alinishika mapigo, akaacha, akashika tena.

"Mama, naongeza vidonge na moyo unazidi kukimbia. Nikikupasua hivi utanifia mezani."

Niliogopa kufa kuliko nilivyomwogopa shangazi, ila si kwa tofauti kubwa. Nikamwambia yote, na kesho yake nikampelekea kopo. Akainusa ile dawa, akaigusa kwa ulimi.

"Mwani huu. Redio haikukosea, lipo rovu lenye njaa ya madini joto. Lako limeshiba, na wewe unazidi kulilisha. Hii mizizi siijui. Nisichokijua siwezi kukichanganya na vidonge vyangu. Usiache vidonge, na chochote utakachopewa nioneshe kabla hujanywa."

Hakunifokea. Nilitamani anifokee.

Unga nikaumwaga chooni. Kila shangazi alipouliza, nikasema naendelea nao, akaniletea mwingine, nao nikaumwaga. Miezi ikapita, mikono ikatulia, nikapasuliwa salama, mwili ukarudi. Wateja nao wakarudi, wakijifanya walikuwa safarini.

Ndipo asubuhi moja shangazi akatokea barazani na mwanamke mgeni. Shingo yake ilikuwa imevimba, na vidole vyake havikuacha kuchezea pindo la khanga. Nilivitambua vidole vile.

"Mtazame mwanangu," shangazi akamwambia, kopo mkononi. "Alikuwa mti mkavu. Haya, mwambie ilivyokusaidia."

Nilitaka ardhi inimeze. Mwanamke akanyoosha mkono kupokea kopo.

"Usinywe, dada," nikasema. "Shangazi, nisamehe. Mie niliacha zamani. Ilikuwa inaniua."

Shangazi akaketi kwenye kigoda, akaliweka kopo mapajani.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Si ulisema haisemwi?"

Akalishusha kopo chini ya kigoda. Kisha akanisogezea karatasi niliyoandikia vipimo vya wateja.

"Mpeleke kwa daktari wako. Jana nilimwonjesha; andika vyote nilivyotia, asije akabahatisha."

Akaanza kuitaja mizizi yake, mmoja mmoja, mbele ya mgeni. Nilipoandika wa tatu nikaona aibu kwa kila kopo nililomwaga nikimwambia nimekunywa.