Supu ya Bibi na Behewa la Chakula

Juzi nilikwenda Makambako kukodi behewa la chakula kwa ajili ya harusi ya mjukuu wangu. Ni la treni ya zamani, wamelifufua: mbao zinang'aa kama zimepakwa samli, taa za shaba, mapazia mekundu. Lililetwa kwa lori, maana reli ya pale hailingani na magurudumu yake. Msimamizi akasema lina viti thelathini na sita. Nikahesabu mara mbili: thelathini na vinne. "Haya, sasa tuongee bei," nikamwambia. Lakini moyoni, rafiki yangu, nilishalipenda.

Behewa kama hili nililijua jikoni kwa bibi, Njombe, enzi za Mwingereza, kabla sijaona hata reli.

Mjomba alikuwa mwosha vyombo kwenye treni ya Dodoma. Likizo moja alikuja na habari: akirudi kazini atapimwa. Akipita na supu treni ikikimbia, bila kumwaga, atakuwa mhudumu. Akimwaga, anarudi kwenye masufuria. Basi kila jioni, ukungu ukishashuka, sisi wajukuu tulitikisa ubao mrefu uliolazwa juu ya magogo ya kuni, naye akapita juu yake na bakuli la supu ya maharage.

Siku ya kwanza supu ilitua mapajani kwa bibi.

"We! Treni yako inapita kwenye khanga yangu?"

Tulicheka sana. Siku ya nne hatukucheka tena; mjomba aligoma hata kula. Bibi, aliyepanda vilima na mtungi wa maji kichwani tangu utoto, akamwambia, "Mwanangu, unalitazama bakuli kama litakukimbia. Tazama unakokwenda."

Akalijaza mpaka ukingoni. Tukatikisa kwa nguvu zote, wawili wetu tukaanguka. Mjomba akafika. Halikumwagika tone.

Likizo iliyofuata alishuka kwenye basi na koti jeupe. Vifungo saba, nilivihesabu mara mbili. Bibi alivipapasa kimoja kimoja, kisha akauliza, "Nani atalifua hili?"

Pale Makambako, kijana mhudumu aliniletea chai, macho kwenye kikombe.

"Tazama unakokwenda, mjukuu wangu."

"Ah, bibi, behewa lenyewe halitembei!"

Kweli halitembei. Na chai ilijaa kisahani.

Wamerudisha kila kitu, isipokuwa mtikisiko, na wale waliojua kuutembea. Nilishika ukingo wa meza, nikautikisa kidogo kwa ajili ya mjomba. Haukusogea. Meza wameikaza sakafuni kwa skrubu nne.