Maua Dume ya Mwanaima

Jirani yangu hapa Katubuka, Mwanaima, hatupi kitu jalalani. Vichwa vya samaki aina ya migebuka huvizika kwenye shina la mgomba, maji ya kuoshea mchele huwapa kuku. Nampenda kwa hilo, ingawa ubahili wake ni wa kichwa kigumu.

Msimu huu alikuwa na mzigo moyoni. Ziwa lilipopanda lilimeza bustani ya dada yake Merina kule Kagunga, na mbegu za maboga ya marehemu mama yao zikaenda na maji. Zilizosalia duniani zilikuwa kiganja kimoja, kwa Mwanaima. Akazipanda zote ili apate za kumpelekea dada yake.

Mimea ilitambaa mpaka ikavuka uzio na kuingia kwangu. Ikachanua. Kisha vile vitoto vya boga vilivyo chini ya maua vikaanza kuwa njano na kudondoka. Mwanaima akanijia, hana utani hata kidogo.

"Mwalimu, wewe unafundisha baiolojia. Mbegu ya mama inanifia mkononi."

Nikamfuata kwake. Jikoni alikuwa anapika msusa, yale majani ya maboga, na sufuria imejaa maua.

"Haya umeyatoa wapi?"

"Si ni hapo hapo shambani. Nachuma madume tu, hayazai. Yenye kitoto nayaacha."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. "Dada, umewapika waume wote, halafu unasubiri watoto?"

Nikamweleza. Ua dume lina unga wa njano, ndiyo chavua, na nyuki huupeleka kwenye ua jike. Chembe ya unga huo ikitua katikati ya ua jike huchipusha kimrija kinachoshuka hadi ndani ya kitoto, ambamo vijiyai vinangoja. Kila kijiyai kinachopata chembe yake kinakuwa mbegu, na boga hunenepa kuzitunza. Pasipo chavua, mmea hukiacha kitoto kife.

"Majuto ni mjukuu," akasema, akiitazama sufuria kwa hasira kana kwamba ndiyo iliyokosa.

Alfajiri tulitafuta dume, tukapata moja tu, upande wangu wa uzio. Akalipaka kwenye jike la mwisho. Boga likashika, ila lilikua limebonyea upande mmoja, maana unga ulikuwa haba.

Kikonyo kilipokauka akalipasua mbele yangu. Upande uliobonyea mbegu zilikuwa maganda matupu. Upande wa pili alibonyeza moja kwa kucha, imejaa, ngumu. Akalia, kisha akacheka kwa kuwa amelia.

Akazigawa mafungu matatu: la Merina, lake, na la tatu akanisogezea. Nikamwambia mimi kulima sijui, ampe dada yake zote.

"Hapana, Mwalimu. Kitu cha mama hakilali tena nyumba moja. Siku nikizimaliza kwa ujinga wangu, nitakuja kubisha hodi kwako."