Dalali Mtoto wa Nani?

Mume wangu alipoanza kuzisifia bangili zangu nilijua ana jambo. Zilikuwa za mahari, na miaka yote hakuwahi kuzitazama mara mbili. Siku hizo, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, duka la intaneti lilikuwa limefunguliwa mtaani Mlandege, naye akitoka kazini hakai tena barazani. Yuko huko mpaka usiku, anasoma habari za makampuni madogo ya kuchimba dhahabu, ambayo hisa zao ziliuzwa Ulaya kwa bei ya andazi.

"Tuuze dhahabu hii iliyolala, tununue ile itakayoamka," akaniambia. Kilichobaki ni kuchagua dalali wa kutununulia kwenye mtandao, na alikwishaona wawili.

Nilipandwa na hasira, lakini sikukataa. Kwetu hununui hata kitanda cha mnadani bila kujua dalali ni mtoto wa nani na anakaa wapi, ili mambo yakiharibika ujue mlango wa kugonga.

"Waulize," nikamwambia. "Wazee wao nani, wanakaa wapi, na sisi tukila hasara wao wanakula nini?"

"Bibi wee, mie ntamwandikiaje Mzungu hayo?"

"Kama nnavyokwambia."

Akaandika amenuna, nami nimesimama nyuma ya kiti chake. Baada ya siku chache majibu yakaja. Wa kwanza alituletea sifa zake na picha ya gari. Maswali yangu hakuyagusa. Wa pili alijibu yote. Baba yake alikuwa mwalimu, ofisi yao iko juu ya duka la viatu, na ada yao wanachukua tupate tusipate. Akaongeza kwamba hisa za bei ndogo kama hizi huweza kugeuka karatasi tupu, basi tusinunue kwa mali tutakayoililia.

Mume wangu aliyasoma majibu yale mara ya pili.

"Huyu ndiye dalali," akasema. "Lakini bangili zako hazendi. Ntauza vespa yangu."

Akaiuza kweli. Akanunua hisa za mgodi mmoja kwa yule mtoto wa mwalimu, na mgodi haukutoa hata pete. Mwaka mzima alikwenda kazini kwa miguu, akisalimia watu njia nzima kama mgombea, na hakunilaumu hata siku moja. Nilimfurahia, na hasara ile yote, mpaka nikajionea haya.

Mume huyu nilichaguliwa na wazee wangu. Mwaka ule, kila nikimwona anarudi na vumbi miguuni, nilimchagua mwenyewe.